Jumanne Gitaa, Alhamisi Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kitufe hata kimoja. Nilifika kwenye studio ya kwaya mjini Tororo saa mbili asubuhi, cheti changu cha kutengeneza redio kikiwa ndani ya bahasha, na Msimamizi wa Studio akanielekeza kwenye kiti kilichokuwa katikati ya chumba kitupu. Alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, mwembamba, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwa kali. Aliniwekea karatasi na kalamu magotini.

"Kaa hapa, binti. Andika kila unachosikia. Nitarudi."

Alirudi saa sita. Nilikuwa nimeandika: jogoo wa jirani, pampu ya maji, malori yakibadilisha gia kwenye barabara ya Malaba, mjusi darini, tumbo langu. Akasoma orodha yote taratibu kama anayesahihisha mtihani.

"Na friji je?"

"Friji gani, mzee?"

Akafungua mlango wa chumba cha pili. Kulikuwa na friji ndogo humo, inanguruma polepole. Ilikuwa imenguruma asubuhi nzima na mimi sikuiandika.

"Sikio lako limeizoea," akasema. "Maikrofoni haizoei kitu. Kazi yako hapa ni kukataa kuzoea."

Kuanzia siku hiyo, kabla ya kurekodi nilichomoa waya wa friji, kisha nikaweka ufunguo wa nyumba yangu ndani yake. Alinifundisha yeye mwenyewe ujanja huo: huwezi kwenda nyumbani bila ufunguo, na ukiufuata utakumbuka kurudisha umeme. Nimeishi na ufunguo baridi mkononi kwa miaka mingi.

Wajukuu wanaofanya muziki kwenye simu zao huniuliza tulifanyaje bila kompyuta. Tulirekodi kwenye kanda yenye traki nne. Traki ni njia ya sauti. Ifikirie kama mistari minne iliyolimwa sambamba katika shamba moja. Unapanda sauti za waimbaji kwenye mstari mmoja, ngoma kwenye mwingine, kisha unazisikiliza pamoja na kuamua ipi ipande na ipi ishuke. Huko ndiko kuchanganya sauti. Lakini kwaya zilizotujia kutoka Mwello na Kirewa zilikuwa na watu arobaini, nasi tulikuwa na maikrofoni mbili, kwa hiyo mchanganyo mwingi ulifanywa kwa miguu. Wenye sauti nyembamba mbele, wenye sauti nzito nyuma. Kulikuwa na mzee mmoja wa sauti ya besi ambaye tulimrudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka akawa anaimbia barazani, mlango ukiwa wazi kidogo, na bado alisikika kuliko wote. Hakukasirika. Alisema huko nje kulikuwa na hewa nzuri.

Nilifanya kosa moja kubwa katika studio ile. Kanda ilikuwa ikiendelea kuzunguka wakati wa mapumziko, na waimbaji wawili, bila kujua, wakamsengenya kiongozi wao wa kwaya. Mimi nilicheka, na jioni nikamsimulia rafiki yangu. Maneno yakamfikia kiongozi mwenyewe. Msimamizi hakunifukuza. Aliniketisha tu kwenye kiti kile kile cha siku ya kwanza.

"Taaka, wimbo ni wa watu wote. Lakini kinachosemwa kati ya wimbo na wimbo si chetu. Unakifuta, na unasahau ulichofuta. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa bado. Siku moja utaelewa."

Alipostaafu, studio ikageuzwa stoo ya vitabu vya nyimbo, nami nikahamia kituo changu cha pili, Busia, upande wa Kenya. Nilikuwa nikiishi upande wa Uganda, kwa hiyo nilivuka mpaka kila asubuhi kwa miguu pamoja na akina mama wenye mabeseni ya omena, wale dagaa wa ziwani, na vijana wenye baiskeli zilizosheheni mayai. Bosi wangu pale aliitwa Mama Meneja na kila mtu, hata na mumewe. Alikuwa na kompyuta, kinanda cha umeme na haraka.

"Hapa si kanisani," aliniambia. "Mtu akiingia na wimbo, atoke na wimbo. Siyo aingie na wimbo atoke na maombi."

Kwa Mama Meneja nilirekodi matangazo ya chakula cha kuku na rangi za nyumba, na nilijifunza kutumia klik. Klik ni mlio mdogo, tik, tik, tik, ambao mwanamuziki huusikia kwenye hedfoni ili asikimbie wala asichelewe. Msikilizaji hausikii kamwe. Ukiwa na klik unaweza kurekodi gitaa leo, ngoma kesho na mwimbaji wiki ijayo, na vyote vikakaa pamoja kama watu waliokula meza moja. Mama Meneja aliipenda klik kuliko mtu yeyote. Mimi pia niliipenda, sitasema uongo.

Ni pale kwa Mama Meneja nilipokutana na Nyafwono.

Aliingia asubuhi ya soko akiwa na wanaume wawili. Yeye alikuwa mwanamke mrefu kutoka Kirewa, mkulima, mwenye sauti iliyoanzia chini sana na kupanda bila kuonyesha jitihada. Wa kwanza kati ya wanaume wale alikuwa Oketcho, mpiga gitaa, mtoto wa dada ya mama yake Nyafwono. Oketcho alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa katika nyumba ya akina Nyafwono, wakala sahani moja, wakaenda shule moja. Wa pili alikuwa Ekisa, wa kabila la Wateso, kutoka Buteba, mwashi kwa kazi na mpiga gitaa la besi kwa mapenzi. Alikuja na saruji kwenye kucha.

Kampuni moja ya jijini ilikuwa imemwita Nyafwono na kumwambia kwamba sauti ni nzuri ila gitaa la Oketcho liondolewe, kiwekwe kinanda. Alikataa akarudi nyumbani. Kuanzia hapo akawa mwanamuziki wa kujitegemea, maana yake hana kampuni, hana meneja, anaamua mwenyewe nini kitoke na lini.

"Sasa nani anakuchagulia wapigaji?" Mama Meneja alimwuliza.

"Hawa ndio wapigaji," Nyafwono akajibu. "Mimi sichaguliwi ndugu."

Nilipowarekodi siku ile nilijua kwamba nimezeeka kwa matangazo ya kuku. Oketcho alikuwa na tabia ya kuguna huku akipiga, mguno mdogo unaofuata vidole vyake, na maikrofoni iliuchukua wote. Nilimpa njiti ya kiberiti aishike kwa midomo. Mguno ukakoma. Akapiga wimbo mzima akiwa na njiti ile mdomoni, macho yamemtoka kama mtu anayebeba yai kwa kijiko, na Nyafwono akacheka katikati ya ubeti, na kicheko kile nikakiacha ndani. Bado kimo.

Miezi michache baadaye Nyafwono alinifuata.

"Taaka, dada yangu, mimi nataka kujenga chumba Tororo. Njoo ukae na sisi."

"Kuna mitambo?"

"Kuna chumba."

Nilimuaga Mama Meneja. Aliniambia nitarudi baada ya wiki mbili, kisha akanipa maikrofoni yake moja ya zamani, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinicheka au akinibariki.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mshonaji. Watu walitushauri tubandike trei za mayai ukutani ili kuzuia mwangwi. Trei za mayai hazizuii kitu, nawaambia ninyi mnaoanza. Ekisa alishona magunia, akayajaza pumba za mpunga, akayapanga ukutani kama matofali, na chumba kikatulia kama kimefunikwa blanketi. Mshonaji alikubali kupumzisha cherehani zake kila tulipomgongea ukuta. Katika chumba hicho nilifanya kazi sehemu kubwa ya maisha yangu. Nyafwono alileta maneno na sauti, Oketcho akaleta mlango wa kuingilia wimbo, Ekisa akaleta sakafu. Mimi nilikaa nyuma ya kioo na hedfoni masikioni. Hatukuwa matajiri wala maarufu. Lakini ukipita Mwello siku ya harusi, au ukivuka hadi Busia na kukaa kwenye kibanda cha chai, ungetusikia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mama yake Nyafwono alifariki mwaka mmoja wa mvua nyingi. Alikuwa mwanamke wa kusaga nafaka ya wimbi kwenye jiwe, na alipokuwa akisaga aliimba sauti moja isiyo na maneno, ambayo hupanda, husimama kidogo, kisha hushuka. Wanawe waliamka kwa sauti hiyo kila asubuhi. Baada ya mazishi Nyafwono aliitungia maneno ya Kiswahili ili pande zote mbili za mpaka waelewe. Alikuwa hajairekodi. Alisema haijaiva.

Kisha wakaja watu wa kampeni. Mgombea mmoja alitaka wimbo, na akamtafuta Oketcho peke yake. Oketcho akachukua sauti ile ya mama, akaiongezea mwendo wa ngoma, watu wa kampeni wakaweka maneno ya "Mheshimiwa anakuja", na wimbo ukazungushwa kwa vipaza sauti kutoka kijiji hadi kijiji. Nyafwono aliusikia akiwa shambani, gari likipita barabarani.

Alikuja studio siku ile ile na udongo miguuni. Oketcho alikuwa akibadilisha waya wa gitaa.

"Umeuza mama yangu kwa kampeni," akasema.

"Sijauza mtu. Ile sauti ilikuwa ya nyumbani. Hata mimi nilikua nayo."

"Ilikuwa ya mama yangu."

"Na mimi alikuwa nani kwangu?"

"Wewe ulilelewa tu!"

Ekisa aliweka besi chini. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, na hata sasa nikiwaza natamani kioo kile kingekuwa kinene zaidi. Oketcho alikunja waya ule mkuukuu, akautia mfukoni, akachukua gitaa bila mfuko wake, akatoka.

Nilidhani ndio mwisho wetu. Lakini baada ya majuma mawili Nyafwono alinijia na sharti. Albamu ilikuwa imeahidiwa watu, na hakuna gitaa jingine alilolisikia kichwani mwake.

"Mimi sikai na yeye chumba kimoja. Wewe una klik yako. Tumia."

Nikamwendea Oketcho. Naye akasema: "Nitapiga. Lakini nisimwone."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Jumanne ilikuwa siku ya gitaa, Alhamisi siku ya sauti. Ekisa alikuja siku zote mbili, na mzee huyo mwenye magoti mabaya akageuka tarishi. "Mwambie huyo dada wimbo wa tatu uko juu sana kwa vidole vyangu." "Mwambie huyo mtu ashushe basi." Hawakutajana majina. Mimi nilifuta maneno yao mwisho wa kila siku, nikakutanisha traki zao kwenye kompyuta, na ukisikiliza nyimbo tisa za mwanzo za albamu ile huwezi kujua. Wapo watu walioniambia kwamba wanasikia katika nyimbo zile jinsi ndugu wanavyopendana.

Wimbo wa kumi ulikuwa ule wa mama.

Nilidhani Oketcho atakataa kuupiga. Hakukataa. Tatizo lilikuwa wimbo wenyewe. Pale sauti inapopanda na kusimama, kabla haijashuka, hakuna hesabu. Mama yule alisimama kwa kadiri ya unga uliokuwa kwenye jiwe. Mara nyingine kidogo, mara nyingine zaidi. Nilipoweka klik, wimbo ukawa tangazo la chakula cha kuku. Nilipoiondoa, Oketcho alishuka mapema siku ya Jumanne na Nyafwono akashuka akiwa amechelewa siku ya Alhamisi, na nikivuta traki huku na huku nilisikia watu wawili wanaopishana mlangoni. Nilijaribu kwa majuma matano. Nilikata, nikaunga, nikarefusha. Nilikuwa fundi mwenye sifa kwenye mpaka mzima na sikuweza kutengeneza pumzi moja.

Tukamleta Barasa kutoka Busia, mpiga gitaa hodari, mwenye adabu. Alisikiliza, akapiga mara tatu, kisha akalaza gitaa mapajani.

"Mama Fundi, naweza kupiga hizi noti zote. Lakini hii ngoma iko na mwenyewe. Mimi naona kama nimevaa viatu vya mtu."

Akaondoka na kukataa hata nauli.

Alhamisi iliyofuata Nyafwono alijaribu kuimba peke yake, bila gitaa, ili Oketcho amfuate baadaye. Mara mbili alifika pale pa kusimama akakwama. Nikamwambia kwa spika ndogo ya chumbani apumzike. Nikaanza kuandika kwenye daftari langu. Sikufunga maikrofoni, kwa kusahau tu. Katika hedfoni nikamsikia akiongea, sauti ndogo, kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Nilimwambia alilelewa tu. Mimi Nyafwono. Nilisema hivyo kweli? Na ndiye aliyemlisha mama uji mpaka siku ya mwisho. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa naimbia watu harusini."

Kisha akapenga kamasi.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Maneno yote yalikuwa yameingia. Nawaambia ukweli, nilijua kwamba nikimsikilizisha Oketcho sekunde ishirini hizo siku ya Jumanne, ugomvi umekwisha. Nisingesema neno hata moja. Ningebonyeza kitufe tu. Albamu ingekamilika, ndugu wangepatana, na kila mtu angenishukuru. Hapo ndipo nilipomwelewa Msimamizi wangu wa Tororo, miaka mingi baada ya kuahidi kwamba nimemwelewa.

Niliinuka nikaingia chumbani kwake.

"Nyafwono, maikrofoni ilikuwa wazi. Nimesikia, na imerekodiwa."

Akafuta uso kwa kiganja. "Ungenyamaza."

"Ningenyamaza ningekuwa mwizi."

"Utampelekea?"

"Njoo uone."

Nikamshika mkono, nikamleta upande wangu wa kioo. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti changu. Nikamwonyesha maneno yake kwenye skrini, vilima vidogo vya sauti, nikaviwekea alama, nikafuta mbele ya macho yake. Vilima vikaondoka, ukabaki mstari mnyoofu.

Mshonaji wa jirani akaanza tena cherehani yake. Nyafwono akasema: "Mwambie aende Kirewa, pale pale walipokuwa wanapiga kampeni, siku ya soko. Aseme mbele ya watu ile sauti ni ya nani. Akisema, na mimi niko na la kwangu la kusema."

Nilimpelekea Oketcho ujumbe Jumanne, neno kwa neno. Aliuliza jambo moja tu.

"La kwake lipi?"

"Sijui," nikasema.

Nilikuwa najua. Ekisa, aliyekuwa akifuta besi yake kwa kitambaa, alinitazama akajua kwamba najua, na hajaniuliza hadi leo.

Oketcho alikaa wiki tatu bila kujibu. Hakuja Jumanne. Kampeni zilikuwa bado zinaendelea, na watu wa mgombea walimhitaji kila siku. Nilianza kuamini kwamba albamu itatoka na nyimbo tisa. Kisha asubuhi moja Ekisa akanigongea mlango na kusema Oketcho ameonekana akielekea Kirewa na gitaa mgongoni, na leo ni soko.

Tulipofika, mwenye duka la betri alikuwa amemwazima kipaza sauti. Oketcho alisimama kati ya wauza mihogo na wauza mitumba, shati lake limechomekwa vizuri, uso wake umekauka kama wa mtu anayesubiri sindano. Alipiga zile noti za mwanzo za wimbo wa kampeni. Watu wakageuka, watoto wakaanza kuruka. Akakatisha.

"Mnaijua hii?" akasema kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyabiashara wa kutoka mbali. "Mnafikiri ni ya mheshimiwa. Si yake. Ilikuwa sauti ya mama yetu akisaga wimbi. Dada yangu Nyafwono ndiye aliiweka maneno. Mimi niliichukua bila kumwuliza. Nilikosa. Basi."

Mtu mmoja akapiga kelele kwamba amelipwa na upinzani. Mwingine akamjibu anyamaze, mama yule alimjua, alikuwa jirani yake. Mwanamke mzee mwenye kapu la kunde akaanza kuimba sauti ile polepole, bila maneno, jinsi ilivyokuwa, na akasimama pale pa kusimama. Wanawake wengine wawili wakasimama pamoja naye na kushuka pamoja naye. Walikuwa wakiisikia kupitia kuta za nyumba zao miaka yote ile.

Nyafwono alikuwa nyuma ya kibanda cha mitumba, ameshika sweta la mtoto kama anayetaka kulinunua. Alikuwa amefika kabla yetu sote. Hakujitokeza. Aliweka sweta chini, akamwambia Ekisa, "Kesho saa tatu. Wote," akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ambayo haikuwa ya mtu. Niliweka viti viwili vikitazamana na maikrofoni mbili karibu karibu. Mafundi wa leo watanicheka: ukiweka hivyo, sauti zinavujiana, huwezi tena kurekebisha mmoja bila kumgusa mwenzake. Nilijua. Sikuweka klik. Waliingia, wakasalimiana kama wageni, wakakaa. Oketcho akatafuta njiti yake ya kiberiti mfukoni akakosa. Nyafwono akamwambia, "Guna tu."

Walipiga mara moja. Ubeti wa kwanza ulisema, kama alivyoutunga, "Mama yangu anasaga, kumekucha." Niliyajua maneno hayo kwa moyo, nilikuwa nimeyasikia Alhamisi tano. Nyafwono alifunga macho akaimba, "Mama yetu anasaga, kumekucha."

Gitaa lilisita. Si sana, asiyejua atadhani ni ufundi. Oketcho alikuwa ameinua kichwa na kumtazama, na vidole vyake vikakaa kwenye waya bila kuupiga. Walifika pale pa kusimama. Wakasimama. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi, Ekisa naye hivyo hivyo. Kisha wakashuka, pamoja, bila mmoja kumtangulia mwenziwe hata kwa unywele.

Neno lilikuwa limebadilika silabi mbili tu. Ndilo lililokuwa la kwake.

Wimbo ulipokwisha nilisubiri nione kama kuna atakayezungumza, kisha nikakumbuka kazi yangu, nikafunga maikrofoni zote mbili na kuvua hedfoni. Nikawaona tu kupitia kioo. Walizungumza kwa muda. Yeye Oketcho alikuwa akitikisa kichwa, Nyafwono akampangusa kitu begani, pengine pumba za mpunga. Sikujua walichosema na nafurahi kwamba sijui.

Wimbo ule haukuvuma. Harusini hauchezeki. Lakini watu huuomba kwenye matanga, pande zote mbili, na wengi wanadhani ni wa zamani sana, hauna mtunzi. Mgombea alishinda bila huo wimbo. Oketcho hakuitwa tena na watu wale, akasema afadhali, maana walimlisha chapati baridi.

Niliacha kazi kwa sababu ya sikio. Fundi mitambo huanza kupoteza sauti za juu kabisa, ile "sss" ya maneno na mlio wa njuga, na hajui kwamba amezipoteza, kwa kuwa huwezi kusikia usichokisikia. Ekisa ndiye aliyenigundua. Tulikuwa tukisikiliza wimbo mpya na akauliza kwa upole kwa nini njuga zinachoma masikio hivyo. Mimi nilikuwa nimezipandisha nikidhani ziko chini. Nilirudisha mitambo ilivyokuwa, nikaenda kwa daktari, kisha nikaenda kwa Nyafwono kumwambia. Alilia kuliko nilivyolia mimi.

Sasa nalima Buteba, jirani na Ekisa na magoti yake. Mnaponiuliza nini kilikuwa kigumu zaidi katika kazi yangu, mnategemea niseme mitambo, umeme kukatika, mvua kwenye mabati. Mitambo ina kitabu cha maelekezo. Kigumu ni kukaa karibu sana na watu, ukisikia hata mate wanayomeza, na kubaki mtu wanayeweza kumwamini kesho. Nilijitahidi. Si mara zote niliweza.

Mwezi uliopita Nyafwono aliniita Tororo. Chumba ni kile kile, magunia yameongezwa viraka. Kwenye kiti changu anakaa Amoit, fundi mwenye kompyuta ndogo ya kukunja na masikio mazima, na anafanya kazi safi, ingawa sikumwambia kwa maneno mengi. Nilifikiri wameniita nisikilize. Kumbe wimbo wao ulihitaji watu wa kupiga makofi kwenye kiitikio, na walikuwa wamepungukiwa mmoja.

"Ingia, dada," Nyafwono akasema.

"Mimi ni mtu wa nyuma ya kioo."

"Leo nyuma ya kioo kumejaa. Ingia."

Nikasimama kati yake na Oketcho, hedfoni kichwani, mbele ya maikrofoni ile ile ya Mama Meneja. Katika miaka yote sikuwahi kurekodiwa. Mikono ikawa ya mtu mwingine. Nilichelewa. Tukarudia, nikawahi. Oketcho akacheka hadi akaketi. Mara ya tatu nikafunga macho, nikaacha kuhesabu, nikasikia bega la Nyafwono likiinuka kando ya langu, nikapiga lilipoinuka.

Amoit akainua kidole gumba. "Imeingia, mama. Safi kabisa. Unaweza kupumzika."

Nikamwambia asizime. Nikawaomba tupige tena, si kwa sababu ilikuwa na kasoro, bali nilitaka kukaa kati yao kidogo zaidi.